Skrubu haitaki mbio

Kabati la jikoni kwetu lina mlango mmoja ambao kwa miezi minne uliegemezwa ukutani, nyuma ya mtungi wa gesi. Bawaba zilikuwa zimeng'oka. Mama watoto alipochoka kuniuliza fundi atakuja lini, nikasema nitaufunga mwenyewe. Nikaenda Kariakoo, nikarudi na drili ya umeme yenye waya, mpini wake kama wa bastola, pamoja na pakiti ya skrubu za njano.

Jumamosi ile niliharibu skrubu sita. Ya kwanza, ncha ya bisibisi iliruka kutoka kwenye kichwa chake na kuchora mstari mlangoni ambao upo hadi leo. Ya pili ililika, nyota ya kichwani ikageuka kishimo cha duara kisichoshika kitu. Ya tatu iliingia vizuri mno: ilifika mwisho, ikaendelea kuzunguka, ikaisaga mbao kwa ndani, na sasa unaweza kuichomoa kwa kucha. Ya nne ilikuwa nyeusi, ya kufungia jipsamu, niliyoiokota kwenye kopo la vikorokoro. Hiyo ilikatika shingo. Ya tano ilipasua fremu ya mninga, ufa wa urefu wa kidole. Ya sita siikumbuki sawasawa, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nikiisukuma kwa hasira wakati drili ilipoanza kunuka vanishi iliyoungua na moshi mwembamba ukatoka kwenye matundu ya ubavuni.

Nikalaumu kila kilichokuwa karibu. Skrubu za siku hizi, mashine za siku hizi, hata mninga. Kisha nikaifunga drili kwenye mfuko, nikaenda Keko.

Ukitaka kitanda, kabati au seti ya makochi Dar es Salaam bila kuingia dukani, Keko ndiko watu wanakokuelekeza. Vumbi la mbao, harufu ya tina, sauti za randa na misumeno ya umeme. Yupo fundi mmoja pale ambaye alinitengenezea meza ya kulia chakula zamani, mtu mzima wa kunizidi sana. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauchukua mfuko, akaufungua na kuunusa kabla hata hajaangalia ndani.

"Hii umeikaba," alisema.

"Niliipeleka polepole, mzee. Niliambiwa skrubu inataka polepole."

"Polepole ni kuzunguka. Yako ilikuwa haizunguki."

Nilikuwa nimekaa mwaka mzima wa maisha yangu, kwa jumla, nikisikia drili zikilia kwenye nyumba za majirani, na sikuwahi kujua kwamba tofauti hiyo ipo.

Alichofanya baadaye kilichukua kama dakika moja. Alichukua kipande cha mninga kilichobaki kwenye kazi, akatoboa tundu jembamba, akabadilisha ncha, akaweka skrubu. Hakuishika drili yake kama bastola. Kiganja alikipandisha juu kabisa, nyuma ya mgongo wa mashine, kidole cha shahada kikanyooka ubavuni kuelekea ilipo skrubu, na swichi akaiachia kidole cha kati. Akaegemeza mwili. Ndipo akabonyeza, kidogo sana, na skrubu ikaanza kuzunguka taratibu kama mtu anayegeuza ufunguo. Ilipokaribia kuzama alizidi kulegeza kidole, kichwa kikalala sawa na uso wa mbao, na sauti ikakatika. Mwishoni akachukua bisibisi ya mkono, akakaza robo mzunguko.

Kuhusu kiganja, hesabu yake ni nyepesi. Ukisukuma kutoka chini ya mpini, nguvu yako inapita chini ya mstari wa skrubu, pua ya mashine inainuka, na ncha inapanda nje ya nyota. Ukisukuma kutoka nyuma ya mgongo, nguvu yote inaingia ndani ya skrubu. Sijui kwa nini jambo hili halichorwi kwenye maboksi ya drili kwa herufi kubwa.

Kuhusu kidole, inabidi tupige hesabu kidogo. Drili ya waya ya kawaida, yenye mdomo wa milimita 13, hufika mizunguko kama 2,800 kwa dakika swichi ikibonyezwa mpaka mwisho. Hiyo ni zaidi ya mizunguko 46 kwa sekunde. Skrubu ya milimita 40, ambayo uzi wake unapanda kama milimita mbili kwa kila mzunguko, inahitaji mizunguko 20 tu kuzama yote. Kwa kasi ile inamalizika chini ya nusu sekunde. Binadamu anahitaji karibu robo sekunde kuona jambo na kidole chake kuitikia, na ndani ya robo sekunde hiyo mashine imeshazunguka mara 11 nyingine. Kwa maneno mengine, nilipokuwa nadhani nakaza skrubu ya tatu, nilikuwa nimeshachelewa. Shusha mpaka mizunguko 300 kwa dakika, na kazi ileile inachukua sekunde nne. Sekunde nne zinatosha kuona skrubu imekwenda kombo, kusikia mbao inalalamika, na kuacha.

Bisibisi ya mkono ilikuwa na jambo hili bure. Kifundo cha mkono kinajua mbao imebana au imelegea kabla akili haijapewa taarifa. Mashine iliponyang'anya kazi, ilinyang'anya pia taarifa hiyo, na imechukua miongo mingi kuirudisha, kwa sehemu.

Drili ya kwanza ya umeme ya kushikwa mkononi ilitengenezwa mwaka 1895 na kampuni ya Fein ya Stuttgart, Ujerumani. Umbo la bastola, lenye swichi pale kidole kinapofikia, lilipata hataza Marekani mwaka 1917, kwa vijana wawili waliofungua karakana Baltimore mwaka 1910, Duncan Black na Alonzo Decker. Lakini swichi ile ilikuwa na maneno mawili tu, ndiyo na hapana. Ukiiwasha inakimbia, ukiizima inasimama. Kwa kutoboa chuma haikuwa na neno. Kwa kukazia skrubu ilikuwa kama kumpa mtoto mchanga uji kwa bomba la zimamoto.

Kilichobadilisha mambo ni kijipande cha silikoni kiitwacho thairista, kilichotangazwa na General Electric mwaka 1957. Umeme wa nyumbani kwetu huja kama mawimbi, mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mzunguko una nusu mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Thairista ni mlinzi wa lango. Ukiigusa swichi kidogo, mlinzi anachelewa kufungua, na mkia tu wa kila wimbi ndio unaopita kwenda kwenye mota. Ukibonyeza zaidi, anafungua mapema zaidi. Haya hutokea mara nyingi ndani ya sekunde moja, kwa hiyo kidole chako hakisikii kukatika, kinasikia kasi ikipanda na kushuka. Drili za betri zina ujanja mwingine wa familia hiyohiyo: umeme wa betri unawashwa na kuzimwa maelfu ya mara kwa sekunde, na kinachobadilika ni urefu wa vipande vya kuwaka. Ule mluzi mwembamba unaosikika unapogusa swichi kidogo, kabla mashine haijaanza kuzunguka, ndio huo.

Basi kosa langu lilikuwa wapi, kama mashine ilitengenezwa kwenda polepole?

Fundi alinionyesha kwa kuifungua ile maiti. Ndani, nyuma ya mdomo, kuna feni ndogo ya plastiki iliyofungwa kwenye mhimili uleule wa mota. Feni hiyo haina injini yake. Mota ikikimbia, feni inakimbia na kupuliza hewa juu ya koili. Mota ikienda polepole, feni nayo inatembea. Mota ikikwama kabisa huku kidole kikiwa bado kimebonyeza, umeme mwingi unaingia, hakuna kinachozunguka, wala hewa. Waya wa koili umepakwa vanishi ya kuutenga, na vanishi hiyo ndiyo niliyoinusa. Amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka, ilikuwa imebadilika rangi upande mmoja kama andazi lililosahauliwa kwenye mafuta.

Tena drili ya waya ya bei yangu haina gia ya kuchagua. Ukiipunguzia umeme, unapunguza kasi na nguvu kwa pamoja. Lori lenye mzigo linalopanda mlima Kitonga halipandi kwa gia ya tano na mguu mwepesi kwenye mafuta. Dereva anarudisha gia, injini inanguruma vizuri, magurudumu yanakwenda taratibu yakiwa na nguvu. Drili nyingi za betri zina kitu hicho mgongoni, kile kitufe chenye namba 1 na 2. Namba 1 hufika kwenye mizunguko mia nne au mia tano kwa dakika, na ndiyo ya skrubu. Namba 2 ni ya kutobolea. Watu wengi hununua mashine, wanaikuta kwenye 2, wanaiacha kwenye 2 mpaka inakufa.

Mwenye drili ya waya ana njia ya kuishi nayo. Afanye kazi ya polepole kwa vipande vifupi, na kila baada ya skrubu chache aiache mashine izunguke kwa kasi kubwa bila mzigo, nusu dakika hivi, ijipulize. Skrubu ikigoma na mota ikisimama, kidole kitoke mara moja. Hapo kuna tatizo, na tatizo haliko kwenye kidole.

Mara nyingi tatizo ni tundu, au kukosekana kwake.

Ufukweni, Nungwi kule Unguja au Matondoni kule Lamu, mafundi wa majahazi walijua jambo hili kabla ya umeme. Chombo chao kinaitwa keekee: kijiti chenye ncha ya chuma, kinachozungushwa na kamba ya uta unaovutwa mbele na nyuma. Hakuna fundi wa chombo aliyepigilia msumari mrefu kwenye ubao mgumu bila keekee kutangulia, kwa sababu ubao ukipasuka baharini hakuna wa kumlaumu. Na ukitazama vizuri, keekee ilikuwa na kasi ya kubadilika kuliko mashine yoyote ya Kariakoo. Mkono ukivuta haraka inakwenda haraka, mkono ukisita inasita.

Skrubu ni kabari iliyovaa uzi. Inapoingia kwenye mbao bila tundu, inazisukuma nyuzi za mbao pembeni, na karibu na mwisho wa ubao nyuzi hizo hazina pa kwenda isipokuwa kuachana. Hivyo ndivyo fremu yangu ilivyopasuka. Tundu linatakiwa liwe na unene wa kiini cha skrubu, bila kuhesabu uzi. Shika biti ya kutobolea mbele ya skrubu, zitazame kwenye mwanga: kama uzi unaonekana pande zote mbili na kiini kimefichika, hiyo ndiyo biti yako. Kwa skrubu ya milimita 4, biti ya 2.5 inatosha kwenye msonobari laini kama ule unaoshushwa na malori kutoka Sao Hill, na kwenye mninga au mvule ni afadhali 3. Mpingo sitauzungumzia. Ni mti unaozama majini, na anayetaka kukaza skrubu kwenye mpingo ana mambo yake mwenyewe.

Kama unaunganisha mbao mbili, ya juu itobolewe tundu kubwa zaidi, skrubu ipite humo bila kushika. Niliwahi kuona kabati la jirani ambalo kila kiungo kina mwanya wa unene wa kadi ya simu, na nilidhani ni mbao zilizopinda. Kumbe uzi ulishika mbao zote mbili kwa wakati mmoja, na kuanzia hapo zinasafiri pamoja na mwanya wao, hata ukikaza mpaka kesho. Tundu la juu likiwa huru, kichwa cha skrubu kinauvuta ubao wa juu na kuubana kwenye wa chini.

Fundi huipitisha skrubu kwenye kipande cha sabuni ya mche kabla ya kuikaza kwenye mti mgumu. Inateleza kweli, nimejaribu. Mimi nimehamia kwenye mshumaa, kwa kuwa sabuni hunyonya unyevu na jiji letu lina unyevu wa kutosha kuotesha kutu bila kusaidiwa.

Kuhusu nyota. Kichwa hiki cha skrubu kilisambazwa na Henry Phillips wa Portland, Oregon, aliyepata hataza zake mwaka 1936, na viwanda vya magari vya Marekani vilikuwa miongoni mwa wateja wake wa mwanzo. Ncha inajitafutia katikati yenyewe, jambo zuri kwa mashine. Ila kuta za shimo lake zimelala mteremko, na ncha ikizidiwa nguvu huupanda mteremko huo na kutoka nje. Kila ikitoka inakula chuma kidogo. Mkanada Peter Robertson alikuwa na kichwa cha shimo la mraba tangu 1908, kinachoshika vizuri zaidi, na huko kwao bado kinapendwa. Sisi tumebaki na nyota, na nyota zenyewe ni mbili. Skrubu nyingi za njano za ubao wa MDF zina vistari vinne vyembamba katikati ya mikono ya msalaba. Hizo ni Pozidriv, na ncha yake imeandikwa PZ. Isiyo na vistari ni Phillips, PH. Ukitia ncha ya PH2 kwenye shimo la PZ2 itaingia, itacheza kidogo, na utadhani imekaa. Ncha iliyokuja na drili yangu iliandikwa PH2. Skrubu zangu zilikuwa na vistari.

Ile nyeusi iliyokatika shingo haikuwa na kosa. Skrubu za jipsamu zimekomazwa kwa moto mpaka zikawa ngumu, na kitu kigumu namna hiyo hakipindi, kinavunjika. Kushikilia ubao wa jipsamu darini inaweza. Kubeba mlango unaofunguliwa mara thelathini kwa siku na watoto wanaotafuta sukari, hapana.

Niliuliza pia ile pete yenye namba kwenye drili za betri, kwa sababu kila ninayemfahamu huizungusha kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Ni klachi. Namba ndogo inaachia mapema, namba kubwa inaachia nguvu ikiwa nyingi, na alama ya biti ya kutobolea mwishoni haiachii kabisa. Anza chini. Ikitoa ule mlio wa krrr kabla skrubu haijazama, ongeza namba moja. Kwenye MDF, ambayo husagika upesi kuliko mbao halisi, klachi ndiyo inayookoa tundu. Na kama unarudisha skrubu kwenye tundu la zamani, zungusha kinyume kwanza, taratibu, mpaka uisikie ikidondoka kwa mlio mdogo, tik, ndani ya njia yake. Hapo ndipo uende mbele. Usipofanya hivyo, inachonga njia mpya juu ya ile ya kwanza, na mbili zinakuwa si hata moja.

Mwenyewe niliwahi kudhani kwamba nguvu ya drili inakwenda kwenye skrubu peke yake. Kumbe ukikaza skrubu, skrubu nayo inakukaza wewe. Miaka ya 1960, wahandisi wa Black & Decker walifanya kazi na kampuni ya Martin Marietta kutengeneza spana ya umeme kwa ajili ya wanaanga wa Gemini, na shida yao ilikuwa hiyo: asiye na uzito wala pa kukanyaga, akibonyeza swichi, bolti inasimama na yeye ndiye anayezunguka. Sisi wa ardhini tuna miguu, lakini kifundo cha mkono ni kilekile. Biti kubwa ikikwama ghafla kwenye mti mgumu, mashine inageuka na mkono. Ndiyo maana kuna mpini wa pili kwenye boksi, ule ambao mimi niliuacha ndani ya nailoni.

Kabla sijaondoka, fundi aliigeuza ile drili yangu iliyokufa, akatazama kitufe cha juu, akacheka mpaka akaweka mkono kiunoni. Kilikuwa kwenye alama ya nyundo. Skrubu zote sita nilikuwa nazikaza huku mashine inagonga, kama mtu anayetoboa nguzo ya zege. Alimwita mwanawe aje aone, kijana akaangalia, akasema "aisee," kwa heshima, akarudi kwenye randa yake.

Gharama ya kusuka amecha upya ilikaribia bei ya drili nyingine. Nikamwachia achukue kaboni na swichi za akiba, naye akanipa ncha mbili za PZ2 na kipande cha mninga cha kufanyia mazoezi. Nilikaza skrubu 20 kwenye kipande hicho, kwa drili ya kuazima, kabla sijaugusa mlango. Ya kwanza mpaka ya saba hazifai kuonyeshwa kwa mtu.

Mlango ulifungwa Jumapili jioni. Shingo ya ile skrubu nyeusi bado imo ndani ya fremu, kwa hiyo bawaba ya chini nimeisogeza sentimita moja na nusu juu, na ukijua unaona. Ufa nimeutia gundi na unga wa mbao, nikaubana kwa mpira wa tyubu ya baiskeli niliouzungusha mara nne. Robo mzunguko ya mwisho ya kila skrubu niliikaza kwa mkono.